Mtiki, mninga au mbao za tabaka: sakafu ipi kwa chumba cha kulia cha nyumba ya pwani

Shangazi yangu ana chumba cha kulia ambacho hakinywewi chai ya asubuhi. Kipo upande wa bahari wa nyumba yake ya zamani, Raskazone, Tanga. Kina meza ya watu wanane, kabati la vyombo vya kioo linalofunguliwa wageni wakija, na kilikuwa na sakafu ya saruji nyekundu iliyopigwa polishi tangu kabla sijazaliwa. Alipostaafu ualimu akaamua kuibadilisha. "Mwanangu, nimekanyaga saruji miaka arobaini shuleni," aliniambia. "Humu ndani nataka kukanyaga mti."

Nilidhani kazi yangu ni kumsaidia kuchagua rangi. Kumbe nilikuwa naingia katika miezi saba ya kutembea na vipande vya mbao mkobani, kubishana na wauza mbao na kuchomeka kipima unyevu kila ninapoketi. Hapa naweka tulivyolinganisha, pamoja na pale ambapo mimi na yeye hatukukubaliana. Anayejenga Dodoma au Nairobi atavuna mengi humu, ila nawaza zaidi nyumba ya pwani, maana huko ndiko mbao hukorofishana na hewa.

Niseme mapema ninakosimamia: pwani, kabla hujauliza mti gani, uliza una maji kiasi gani. Tumezoea kusifu mbao kwa jina. "Hii mninga original," mtu anakwambia, nawe unafungua pochi. Lakini mninga mbichi utakutia aibu mbele ya wageni, na mti wa kawaida uliokauka sawasawa utakaa mpaka wajukuu waurithi.

Sakafu iliyoinuka kama mgongo wa ng'ombe

Hili nililijua kwa hasara ya dada yangu, Dar es Salaam. Alinunua katika duka moja mbao nzima za mwaloni zilizotoka Ulaya, ndani ya maboksi yaliyofungwa kwa nailoni, nzuri kuzitazama. Zikapigwa Januari, kiyoyozi kinanguruma mchana kutwa, zikabanwa ukuta kwa ukuta. Aprili masika ikapiga, naye akasafiri wiki tatu, kiyoyozi kimezimwa. Aliporudi mlango wa chumba cha kulia haukufunguka. Sakafu ilikuwa imetuna katikati, meza imeinama upande mmoja.

Duka likasema fundi kakosea, fundi akasema mbao mbovu. Ukweli uko kwenye hesabu, na hesabu yenyewe ni fupi. Mbao za sakafu zinazotengenezwa kwa ajili ya nyumba za Ulaya hutoka kiwandani na unyevu wa asilimia 7 hadi 11 kama ni mbao nzima, na asilimia 5 hadi 9 kama ni za tabaka, kwa sababu nyumba za huko zina joto la mitambo na hewa kavu wakati wa baridi. Hewa ya Dar au Tanga, madirisha yakiwa wazi, huipeleka mbao kwenye asilimia 14 na kuendelea. Tuseme imepanda kutoka 8 hadi 14. Mbao ya mtiki iliyopasuliwa kwa ubapa hutanuka kama asilimia 0.19 ya upana wake kwa kila asilimia moja ya unyevu. Katika chumba cha upana wa mita 4, hiyo ni karibu sentimita 4.5. Mwaloni mweupe wa Marekani hutanuka karibu mara mbili ya hapo. Gundi, misumari na vanishi hupunguza kidogo, lakini sentimita kadhaa za mti unaotafuta pa kwenda hazizuiwi na ukuta. Zitapanda juu.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza kununua ni kipima unyevu chenye sindano mbili. Kama huna, tumia jiko la keki. Kata kipande cha upana wa vidole viwili, angalau sentimita 30 kutoka mwisho wa ubao (ncha hukauka mapema, itakudanganya). Kipime kwenye mizani ya jikoni, kiweke kwenye oveni nyuzi 100 na kidogo, ukipime tena na tena mpaka uzito ugome kushuka. Kipande chetu cha kwanza cha mtiki kilikuwa gramu 94, kikasimama kwenye 80. Kilichopotea ni 14. Gawanya kwa 80, ni asilimia 17.5. Aliyetuuzia alikuwa ameapa kwamba zimekauka "kabisa kabisa". Nyumba nzima ilinuka kama viatu vipya, na shangazi akanikataza oveni yake hadi Idi ipite.

Mbao nzima, tabaka, au picha ya mbao

Dukani utaoneshwa vitu vitatu vinavyofanana kwa macho.

Mbao nzima ni mti mtupu kutoka juu hadi chini, kwa kawaida milimita 18 hadi 22. Ikikwaruzika inapigwa msasa na kurudi mpya, na kwa unene huo utaweza kufanya hivyo mara kadhaa kabla hujafikia ulimi wake, ule ukingo mwembamba unaoingia kwenye ubao wa jirani. Ubaya wake umekwisha kuuona kwa dada yangu: inapumua.

Mbao za tabaka zina ngozi ya mti halisi iliyobandikwa juu ya plaiwudi. Plaiwudi hupishanisha nyuzi, safu moja huku na nyingine kule, basi kila safu huizuia mwenzake kutanuka. Hapo ndipo sifa yake kubwa ilipo, na ni sifa ya kweli. Ila tazama ubavu wa ubao kabla ya kulipa. Ngozi ya milimita 4 au zaidi itavumilia msasa mara mbili au tatu. Ngozi ya milimita 1 au chini ya hapo ni kama kuvaa kofia ya karatasi: siku mguu wa kiti utakapoichana, utaona plaiwudi ikikuchekea. Uliza pia gundi ya hiyo plaiwudi. Nilichukua vipande vya sampuli vitatu nikavitumbukiza kwenye ndoo ya maji usiku kucha. Viwili vilibaki vimoja, cha tatu kilifunguka kama kitabu. Muuzaji akasema, "Dada, nani anazamisha sakafu kwenye ndoo?" Hajawahi kukaa nyumba yenye bomba la jikoni linalovuja.

Lamineti si mti kwa juu; ni picha ya mti iliyochapwa kwenye karatasi, ikafunikwa kwa plastiki ngumu na kubandikwa juu ya ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa. Kwa mikwaruzo ya viti ni hodari, nakubali, pengine kuliko vyote hapa. Kwenye boksi tafuta alama AC3 kwa matumizi ya nyumbani, AC4 kama watoto ni wengi. Kiama chake ni maungio: maji yakikaa pale, kingo huvimba na hazirudi, na hakuna msasa wa kuokoa picha. Zile za plastiki iliyochanganywa na unga wa mawe, zinazouzwa kwa jina la SPC, haziogopi maji hata kidogo, na kwa jikoni ningezichagua bila kufikiri. Kwenye chumba rasmi cha kulia, ambapo mtu anaketi saa mbili akitazama chini kila anapookota kitambaa, jicho litagundua ile picha moja ya fundo inayojirudia kila ubao wa tano.

Na marumaru? Hizo hupoza miguu kuliko mbao yoyote, tena ni rahisi kudeki. Mtu akiniambia anataka ubaridi tu na usafi, namwambia aishie hapo na asome habari nyingine. Shangazi alitaka mti. Isitoshe, chumba chake si cha meza peke yake. Mara moja au mbili kwa mwaka meza inatolewa, majamvi yanatandikwa, khitma inasomwa humo na watu wanakaa chini. Mkeka juu ya mbao na mkeka juu ya marumaru si mkao mmoja; waulize wenye magoti.

Miti minne

| Mti | Kilo kwa mita ya ujazo, ikiwa kavu | Kutulia kwake | Kero yake |
|---|---|---|---|
| Mtiki (msaji) | karibu 650 | husogea kidogo | mafuta yake hukataa gundi na vanishi |
| Mninga | 600 na kidogo | hutulia sana | hubonyea kwa visigino vyembamba |
| Mkongo (mbambakofi) | karibu 800 | hutulia | mzito, humaliza meno ya msumeno |
| Mvule | karibu 650 | hutulia | vijiwe ndani, vumbi linawasha |

Jedwali halisemi yote. Mninga ndio niliokuwa nimeupigia kura. Rangi yake ya asali iliyochanganyika na wekundu hainiishi hamu, unapigwa randa bila kuchanika, na kwa kutulia haupitwi na wenzake hapo juu. Ukiukata ukiwa mbichi hutoa utomvu mwekundu kama damu. Lakini ni mti wa misitu ya asili, miombo ya Tabora, Katavi, Ruvuma na Lindi, haupandwi kwa mashamba kama mtiki, na mbao pana zilizo safi zinazidi kuwa chache. Usinunue bila risiti na kibali cha kusafirishia cha TFS, wakala wa serikali wa misitu. Ubao wa bei ya ajabu una sababu ya kuwa wa bei ya ajabu. Wenye ndugu Muscat au London wanaotaka kupelekewa wajue pia kwamba tangu mkutano wa Panama, mwaka 2022, wa CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini), mninga na mkongo wa Afrika imeingia kwenye orodha ya miti ambayo biashara yake ya nje ya nchi inataka vibali maalumu.

Mkongo, ambao watu wa mwambao wengi wanauita mbambakofi, ni mti wa milango. Milango mingi ya kuchonga ya pwani ni wa jamii hiyo, na mlango uliopigwa na jua na chumvi miaka mia una haki ya kuaminiwa. Kwa sakafu ni mgumu wa kutosha hata uburuze kabati. Tulishindwa na uzito na uchache.

Mvule una tabia moja inayowaudhi mafundi: ndani yake hufanyika vijiwe vyeupe vya chokaa vinavyojificha kwenye nyuzi. Fundi wetu alinionesha blade ya randa yenye pengo. "Huyu ni mvule wa mwaka juzi," alisema, kana kwamba anataja mtu aliyemkopa. Mbao zake mpya ni za njano, zikikaa huwa za kahawia. Zinafaa kwa sakafu.

Nairobi wana hadithi nyingine kabisa. Nyumba nyingi za zamani za huko zimepangwa vipande vya muhuhu, mti mgumu na mzito unaokaribia kilo 900 kwa mita ya ujazo, na vingine bado vinang'aa. Ukirithi nyumba ya hivyo usiguse kitu zaidi ya msasa na vanishi. Kuununua mpya ni jambo jingine, mti wenyewe umepungua mno misituni.

Tukabaki na mtiki, kwa sababu ambayo ingetuangukia mapema kama tungekuwa na akili: tuko Tanga. Shamba la mitiki la Longuza liko Muheza, chini ya milima ya Usambara Mashariki, si mbali nasi. Mti wa kupandwa, wenye umri unaojulikana, na wapasuaji wanaochonga karibu na shamba. Kuna mtego lakini. Mitiki inayokatwa ikiwa michanga, wakati wa kupunguza shamba, ina kiini kidogo na sehemu kubwa nyeupe pembezoni. Sifa zote za mtiki za kushinda mchwa ni sifa za kiini. Ile nyeupe ni chakula kama chakula kingine. Ukiona muuzaji amezipaka zote mafuta machafu zifanane rangi, ondoka.

Kitu kingine cha kuangalia kwenye ncha ya ubao ni pete za ukuaji wa mti. Zikiwa zimesimama wima, ubao ule utatanuka upana karibu nusu tu ya ule ambao pete zake zimelala. Hatukulipa zaidi kwa hilo. Tulizichambua wenyewe, nikiwa nimechuchumaa kwenye rundo na shangazi ameshika mwavuli juu yangu.

Mbao ndefu au ukili

Hapa ndipo tulipobishana wiki nzima. Mimi nilitaka mbao ndefu zilizolala kufuata urefu wa chumba, mwanga wa dirisha ukiteleza juu yake. Yeye alikuwa ameona mahali vile vipande vifupi vinavyopangwa kwa mshazari, kimoja kikiegemea bega la kingine. Mafundi wengi huita zigizaga. Shangazi alitazama picha akasema, "Si ukili huu?" Na kweli, ni ukili mtupu, ule msuko wa mkeka aliofundishwa na bibi yangu.

Kwa hesabu ya vifaa, chumba chetu cha mita 4 kwa 5 kingehitaji mbao kama 70 za inchi 1 kwa 4, urefu futi 12, baada ya randa na ulimi kula sehemu ya upana na kuongeza asilimia 10 ya mabaki. Kwa ukili, vipande vya sentimita 7 kwa 28 vinaingia 1,020 hivi, na kwa kuwa kingo zote zinakatwa kwa mshazari, ongeza asilimia 12 badala ya 10. Tulichonga 1,150. Urefu wa kila kipande kwetu ni mara nne ya upana.

Nilichojifunza kinyume na ukaidi wangu ni kwamba vipande vifupi vinaifaa pwani. Kila kimoja kinatanuka kidogo, na kwa kuwa vimepishana, kutanuka hakuendi upande mmoja. Vinatumia mbao fupi ambazo muuzaji anataka ziondoke, hivyo bei ya mti hushuka. Kimoja kikiharibika kinatobolewa na kuwekwa kingine bila kugusa jirani. Gharama inahamia kwa fundi. Kosa la milimita moja kwenye kipande cha kwanza huwa sentimita unapofika ukutani, na fundi wa kazi hii si yule aliyekutengenezea kitanda. Omba uone sakafu aliyoipiga miaka mitatu nyuma, siyo ya mwezi jana.

Hoja yangu ya mwisho ilikuwa kwamba tunalipia urembo kisha tunaufunika kwa meza. Shangazi akaipima meza: sentimita 240 kwa 110, haifiki mita 3 za mraba katika 20. Nikanyamaza.

Chini ya mbao

Kuna njia mbili. Ya zamani ni kulaza papi, yaani fito za mbao, juu ya saruji na kupigilia mbao juu yake. Inapumua, haitegemei gundi, na ukiikanyaga inarudisha mlio ambao wengine wanaupenda. Ila inainua sakafu sentimita 7 hivi, mlango unakatwa, kizingiti kinakuwa cha kujikwaa, na ule uwazi chini ni nyumba ya bure ya panya na mchwa. Kwa ukili haiwezekani bila plaiwudi juu ya papi. Njia ya pili ni gundi moja kwa moja kwenye saruji. Tulichukua hiyo, na kazi yote ikahamia kwenye saruji.

Kwanza unyevu. Kipande cha nailoni angavu, kama nusu mita kila upande, kinabandikwa kingo zote kwa utepe na kuachwa usiku kucha hadi kesho yake. Tulibandika vinne. Vitatu asubuhi vilikuwa vikavu. Cha nne, upande wa ukuta wa jikoni, kilikuwa na matone kwa ndani kama kifuniko cha sufuria ya wali. Bomba la sinki lilikuwa linavuja ndani ya ukuta, sijui tangu lini. Lingekutana na mtiki wetu gizani. Fundi bomba alikuja, tukasubiri wiki tano, tukarudia nailoni. Saruji mpya kabisa huchukua miezi, si wiki. Kama nyumba yako imemwagwa zege juzi, kalia viti vya plastiki kwanza. Nyumba za zamani kama hii mara nyingi hazina nailoni chini ya msingi, kwa hiyo hata pale palipokauka tulipaka epoksi ya kuzuia unyevu kabla ya gundi.

Kabla ya epoksi, ule wekundu. Polishi ya miaka 40 ni nta, na gundi haiishiki nta. Fundi wa kwanza tuliyemwita alitaka kupaka gundi juu yake, "itashika tu, mama." Nilimwomba abandike kipande kimoja. Siku ya tatu kiling'oka kwa mkono, kimebeba ngozi nyekundu nyuma yake kama ulimi. Yule tuliyemwajiri alileta mashine ya kusaga, akakwangua mpaka saruji ya kijivu ikatokea, vumbi likaingia hadi kwenye kabati la vyombo vya kioo lililofungwa kwa shuka mbili. Kisha akalaza ubao mnyoofu wa mita 2 kila upande. Popote mwanga ulipopita zaidi ya milimita 3 akajaza.

Gundi isiwe ile nyeupe ya seremala. Ina maji, na maji ndiyo adui tuliyemfukuza miezi mitano. Tumia ya poliyurethani inayobaki na unyumbufu ikikauka. Mgongo wa kila kipande cha mtiki ulipanguswa kwa kitambaa chenye thina ili kuondoa mafuta yake, vipande 1,150, kazi ya wapwa wangu wawili na soda kreti moja.

Vipande vilikuwa vimepangwa ndani ya chumba chenyewe tangu Machi, vijiti kati ya safu na safu, madirisha wazi, mpaka kipima unyevu kikasoma 14 kwa siku kumi bila kucheza. Tukapiga Agosti, wakati si wa mvua wala wa jua la kaskazi, ili sakafu iwe na nafasi ya kwenda pande zote mbili. Kingo zote za ukuta ziliachwa milimita 12, zikafunikwa kwa skatingi, ule ubao mwembamba wa chini ya ukuta, iliyopigiliwa ukutani. Ukipigilia skatingi kwenye sakafu umeifunga tena.

Mafuta au vanishi

Tulifanya jaribio la mchuzi. Mabaki matatu ya mtiki: kimoja nta, kimoja mafuta ya mbao, kimoja vanishi ya poliyurethani mikono mitatu. Juu ya kila kimoja kijiko cha mchuzi wa samaki wenye manjano na tui, na duara la chai ya rangi, tukaenda kulala. Asubuhi nta ilikuwa imekunywa kila kitu. Mafuta yaliacha kivuli cha njano kilichotoka kwa msasa laini na tone jipya la mafuta, dakika tano. Vanishi ilipanguswa ikabaki kama haijawahi kuona samaki.

Kisha tukaburuza kiti. Vanishi ikapata mstari mweupe usiotoka bila kupiga msasa chumba kizima. Ya mafuta ilipata mkwaruzo uleule, ukapotea chini ya kitambaa.

Mimi ningechukua mafuta bila kusita, kwa kuwa chumba hutumika kwa nadra na marekebisho ni ya dakika. Shangazi alichukua vanishi, isiyong'aa sana, akasema anayedeki pale si mimi. Ana haki. Nyumba ambayo kila mtu anashika tambara, vanishi. Nyumba yenye mtu mmoja anayependa kuitunza, mafuta. Ukichagua mafuta, matambara uliyofutia yasikunjwe na kutupwa pembeni: yale yenye mafuta ya kitani hupata joto yenyewe na kuwaka. Yatandaze nje yakauke, au yaloweke kwenye maji.

Zulia lisubiri. Mtiki hubadilika rangi kwa mwanga miezi ya mwanzo, na ukitandika mapema utakuja kuliondoa na kukuta mraba wa rangi nyingine. Tulisubiri hadi Desemba.

Na viti, kabla ya mgeni wa kwanza kuketi. Vinane, miguu 32. Nilimkuta shangazi amekata kandambili za zamani vipande vya mraba, anataka kuvipigilia chini ya miguu, kama tulivyofanya sote. Raba nyeusi huacha alama juu ya vanishi. Tukakata zulia kuukuu badala yake, tukabandika kwa gundi, na kila Idi vinabadilishwa kwa sababu mchanga wa Raskazone hujificha humo na kugeuka msasa.

Vilibaki vipande 61. Viko kwenye gunia juu ya kabati la chumba cha wageni, siyo stoo ya nje, ili vinywe hewa ileile inayonywewa na wenzao. Juu ya gunia shangazi ameandika kwa chokaa tarehe, jina la shamba, na onyo kwa wajukuu kwamba hizo si kuni.